Ukaguzi Unaishia Uzioni

Saa nne kasorobo Zabroni dalali aliwafungulia mlango Perisi na mumewe Elieza, akawaingiza ndani, kisha akaanza kuwaomba radhi kwa kuwa ilimbidi awafungie.

"Si kwa ubaya, jamani. Ndiyo taratibu. Madirisha yote, milango yote, nitawafungulia saa kumi. Mkizidiwa, kuna kitufe chekundu pale jikoni. Mimi niko hapo nje kivulini."

"Umeshauza nyumba ngapi watu wakabonyeza kitufe?" Elieza akamuuliza.

"Kaka, mimi dalali. Swali kama hilo muulize mkeo, yeye ndiye fundi."

Akacheka, akafunga, wakasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Dodoma tangu joto lilipoanza kuwaua watu ndani ya nyumba zao. Hakuna tena aliyenunua nyumba kwa kutazama rangi na vigae. Mnunuzi alishinda humo ndani mchana mzima, kila kitu kimefungwa, tangu jua linapoanza kukaza mpaka linapolegea. Akala humo, akalala humo, akaisikiliza mashine ikihema. Waliita kufungiwa. Wachumba walifungiwa pamoja na wazazi wa pande zote mbili, na watu walitania kwamba posa iliyopita kufungiwa haihitaji tena mshenga.

Kwa miaka tisa Perisi alikuwa amefungiwa katika nyumba za watu wengine. Alikuwa fundi mkaguzi wa mifumo ya kupoza na kupasha nyumba, na sahihi yake ilikuwa ikitosha kuuza nyumba au kuiua. Leo kwa mara ya kwanza alifungiwa katika nyumba ambayo, Mungu akipenda, ingekuwa yake.

Elieza alitandika mkeka sebuleni, akaketi chini, akafungua hotpoti la ugali wa uwele na mlenda. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto juu ya goti ili mkewe aone bangili ya kipimo iliyofungwa hapo.

"Thelathini na saba na nukta moja," alisoma. "Mgonjwa wako yuko tayari, daktari. Nenda kaongee na mashine yako, mimi nitaongea na mlenda."

Miaka miwili iliyopita Elieza alikuwa mwezekaji mapaa, mtu wa kuimba juu ya kenchi mpaka majirani wanalalamika. Mwezi wa Novemba joto lilimpiga akiwa juu ya paa la kanisa. Alipozinduka siku ya nne, daktari aliwaeleza kwa maneno mepesi kwamba mwili wake umepoteza ufundi wa kujipoza wenyewe. Jasho halitoki tena inavyopaswa. Akipanda juu ya arobaini mara nyingine, hatashuka. Tangu siku hiyo alikuwa akiamka kabla ya jua na kwenda kukaa katika ghala la baridi la mfanyabiashara mmoja wa zabibu, aliyemwonea huruma, na kurudi nyumbani jua likishazama. Alikuwa amesoma humo vitabu vyote vya maktaba ya mtaa, amevaa koti, amekalia kreti. Lakini mavuno yalikuwa yameiva. Jumatatu ghala lingejaa zabibu mpaka mlangoni, na yule bwana, kwa aibu nyingi, alikuwa amemwambia hivyo.

Mabanda ya ubaridi ya manispaa yalikuwa na foleni, na foleni yenyewe ilikuwa juani. Miji ya milimani ilishaacha kupokea wageni. Kwa chumba chao cha kupanga, chenye feni moja, Elieza asingefika Krismasi. Na nyumba hii ya kilima cha Msanhila ndiyo pekee, katika nyumba zote walizotafuta kwa mwaka mzima, iliyokuwa ndani ya uwezo wao.

Perisi alichukua mkoba wake wa vyombo, akaingia chumba cha mashine nyuma ya jiko.

Kompresa ilikuwa nzee lakini safi. Haikukohoa wala kutetemeka. Akapitisha viganja kwenye maungio ya mabomba, akanusa, hakukuwa na gesi inayovuja. Akachunguza feni, akachunguza vichujio, akaangalia mipira ya milango. Kila kitu kilikuwa sawa, na kadiri kilivyozidi kuwa sawa ndivyo alivyozidi kuogopa kufurahi.

Mwisho akafika kwenye kisima.

Joto halifi. Hilo ndilo somo la kwanza wanalofundishwa mafundi, na ndilo watu wa kawaida wasilotaka kulisikia. Mashine ya kupoza haitengenezi baridi. Inaokota joto lililomo ndani ya nyumba na kulibeba hadi mahali pengine. Zamani walilitupa dirishani. Miji ikachemka, waliokuwa na mashine wakawapika wasiokuwa nazo, na mwishowe ikapigwa marufuku. Ndipo vikaja visima vya joto. Kila nyumba ikachimbiwa shimo la mita mia mbili ndani ya mwamba. Mchana maji hushuka na joto la nyumba na kulilisha jiwe. Katika zile wiki chache za baridi ya Juni, maji hupanda nalo na kuipasha nyumba. Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba mwamba nao una tumbo. Miezi ya joto ni kumi, ya baridi haifiki miwili, kwa hiyo kila mwaka jiwe hulishwa zaidi ya linavyotoa. Baada ya miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, hushiba, na maji huanza kurudi juu yakiwa na joto lile lile yaliloshuka nalo.

Kisima hiki kilikuwa na miaka kumi na minane. Perisi akafunga geji kwenye bomba la kurudi, akasubiri.

Nyuzi ishirini na tisa.

Akaigonga geji kwa ukucha, akaifuta, akaifunga tena. Ishirini na tisa. Ilikuwa kama kumpima ajuza wa miaka tisini na kukuta mapigo ya binti wa kumi na minane. Fundi mwingine angeandika "nzuri sana" na kwenda kula. Perisi akapiga magoti, akainua mfuniko wa zege ulio juu ya mabomba, akamulika na tochi.

Kulikuwa na koki mbili. Ya kwanza, ya kwenda kisimani, ilikuwa na kutu ya miaka yake yote. Ya pili ilikuwa mpya kuliko nyumba, imepakwa rangi ya kijani, na pembeni mwake aliyeifunga alikuwa amekwangua mwaka: ulikuwa mwaka wa sita kurudi nyuma. Bomba lake halikwenda chini. Lilikwenda pembeni, kuelekea uzio.

Akaifunga hiyo ya kijani, maji yote yakaelekea kisimani. Akakaa juu ya ndoo, akaitazama geji.

Ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Thelathini na nane.

"Fundi!" Elieza aliita kutoka sebuleni. "Huku kumeanza kupamba moto, au ni mapenzi?"

"Vumilia kidogo!"

"Nilikuvumilia siku ya harusi ulipochelewa saa tatu, nitashindwa leo?"

Arobaini na tatu. Akaifungua ile koki ya kijani upesi. Kidogo kidogo namba zikashuka, sebuleni hewa ikapoa, na Elieza akaanza kuimba nusu sauti.

Michoro ya nyumba ilikuwa imekunjwa ndani ya bahasha ukutani, kama sheria inavyotaka. Perisi akaitandaza sakafuni. Ile njia ya pembeni ilikuwepo, imechorwa kihalali, ina mhuri. Mstari ulipita chini ya uzio, ukateremka mteremko, na pale ulipoishia pameandikwa kwa herufi ndogo: *Eneo wazi*. Nyumba zote kumi na tatu za safu ile zilikuwa na mstari kama huo, na yote ilikwenda mahali pamoja.

Aliporudi sebuleni alimkuta Elieza amelala. Saa saba na nusu ya mchana, nje nyuzi arobaini na sita, na mumewe amelala chali juu ya mkeka, mdomo wazi, bila koti, bila kreti, bila harufu ya zabibu. Kwenye bangili: thelathini na saba kamili. Perisi alikaa kando yake. Kwa miaka miwili hakuwa amemwona mumewe mchana, isipokuwa Jumapili alipokwenda kumtembelea ghalani kama mtu anayemtembelea mfungwa. Alikuwa amesahau kwamba ana kovu dogo chini ya kidevu.

*

Saa kumi Zabroni alifungua mlango. Hewa ya nje iliingia kama pumzi ya tanuri, na Elieza akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Enhe! Wazima?" dalali aliuliza. "Hakuna kitufe wala nini. Niliwaambia."

"Zabroni," Perisi alisema, "kule bondeni pakoje?"

"Wapi?"

"Hapo chini ya uzio."

Dalali akavua kofia, akaipigapiga pajani. "Dada yangu. Wewe fundi kuliko mimi. Ukaguzi unaishia uzioni, siyo? Fomu yako inasema hivyo. Ng'ambo ya uzio si nyumba hii, ni dunia." Akashusha sauti. "Kesho nina wengine wanaokuja kufungiwa. Wana mama yao mgonjwa. Na wewe nimekupa nafasi ya kwanza kwa sababu ya huyu bwana. Kufika saa kumi na mbili niwe na sahihi mkononi, au niwe nimejua."

Elieza tayari alikuwa anakokota gunia lenye pande la barafu alilolipata ghalani asubuhi, limefungwa kwenye pumba za mpunga lisiyeyuke.

"Jirani kabla ya nyumba," alisema. "Mama yangu angefufuka kunipiga kofi tukinunua bila kusalimia. Mimi sitembei juani, lakini salamu zangu zitembee. Nenda wewe."

"Niende kwa nani?"

"Kwa yeyote mwenye mlango."

Hii nayo ilikuwa desturi. Anayetaka kuhamia mtaa hupeleka barafu kwa majirani, na jirani huivunja na kuila mbele yake. Aliyekula barafu yako hawezi kesho kukufungia mlango ukizidiwa na joto. Elieza alidhani mkewe angekwenda nyumba za kushoto na kulia. Perisi alijitwisha gunia, akashika geji mkononi, akatoka kwa lango la nyuma, akaanza kuteremka akifuata mstari wa mchoro.

Eneo wazi lilikuwa na nyumba hamsini na kitu. Zilikuwa za tofali za kuchoma, zimejengwa karibu karibu, na mbele ya kila moja kulikuwa na vitanda. Vitanda, masufuria, makabati, cherehani, kila kitu kilikuwa nje chini ya vibanda vya turubai. Ilikuwa kama mtaa mzima umehama kisha ukakosa pa kwenda.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu ndani." Mwanamke mwenye mikono ya unga alitokeza mlangoni. Alipomwona Perisi anainama afungue kamba za viatu, akapaza sauti: "Usivue! Usivue viatu, dada, utaungua."

Perisi hakuwahi katika maisha yake kuingia nyumba ya mtu na viatu. Aliingia akinyata, kama mwizi.

Mwanamke huyo aliitwa Mama Nyemo. Alikuwa amesimama juu ya ubao, na juu ya sakafu tupu kulikuwa na beseni la unga wa maandazi, umefunikwa kitambaa.

"Sakafu yetu ina faida yake," alisema akicheka. "Unga unaumuka kabla hujamaliza kunawa. Wenzangu mjini wanangoja saa nzima. Mimi dakika kumi. Na Juni! Juni mtaa wote unakuja kulala humu, tunabanana kama vifaranga." Kisha akaona gunia. "Hiyo nini? Barafu? Mnahamia?"

"Tunafikiria. Hapo juu."

"Juu!" Mama Nyemo alimtazama upya, kuanzia viatu mpaka kilemba. "Miaka yote niliyokaa hapa, wewe wa kwanza kushuka. Hata mmoja hajawahi. Nyumba kumi na tatu zile, hata mmoja."

Akaivunja barafu kwa mchi, akala kipande mbele ya mgeni kama inavyotakiwa, akafumba macho. Kipande kingine akakifunga kwenye leso, akanyoosha mkono juu. Hapo ndipo Perisi alipouona wavu. Ulikuwa umening'inizwa kwenye boriti, juu kabisa karibu na paa, karibu na tundu la hewa, na ndani yake alilala mtoto mchanga, uchi, mwili mzima una vipele vyekundu. Alipoguswa na ile leso alishtuka, kisha akaikumbatia.

"Nyemo huyo. Miezi mitano. Hajawahi kulazwa chini hata siku moja. Tutamfundishaje kutambaa, sijui. Baba yake anasema ataanza moja kwa moja kutembea, atavaa viatu vya bati." Hakucheka mara hii. "Bibi yake ndiye tuliyeshindwa kumning'iniza. Alikuwa hatembei. Tukapandanisha vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Novemba iliyopita tukamkosa."

"Poleni sana."

"Tumeshapoa. Mlima una homa, ndivyo walivyosema. Walikuja watu na vyombo, wakapima, wakasema ni mlima wenyewe, moto wa ardhini. Ukishindana na mlima utashinda?"

"Homa ilianza lini?"

"Mwaka wa sita huu." Mama Nyemo akageuka na kuona kile alichoshika mgeni. "Wewe kazi yako nini, dada?"

"Fundi. Fundi wa viyoyozi."

"Basi Mungu kakuleta! Hebu tutazamie hii sakafu. Labda kuna namna. Labda tukichimba, tukimwaga kitu."

Perisi alikuwa ameshaiweka geji chini, pembeni ya beseni la unga, bila hata kukusudia. Ilisoma arobaini na saba.

"Leo sikuja na vyombo," alisema, huku akiiokota.

*

Alipanda mlima polepole, akisimama kila hatua chache kama mama mjamzito.

Alijua la kufanya. Hilo lilikuwa baya kuliko yote, kwamba hapakuwa na fumbo. Fundi akigundua joto linatua kwa watu, anaandika neno moja katika fomu, na kesho yake maofisa wanakuja kuziba koki. Nyumba kumi na tatu zingegeuka matanuri kabla ya mwisho wa mwezi. Ndani yake kulikuwa na watu, na bila shaka, nyuma ya mojawapo ya madirisha yale yaliyofungwa, alikuwepo Elieza mwingine. Wangeteremka wote kwenda kupanga foleni juani. Na Elieza wake mwenyewe, Jumatatu asubuhi angekwenda wapi?

Na mtoto yule angepata nini? Hapo Perisi alisimama, akaweka mkono kwenye ukuta wa mtu. Mwamba ukishashiba hautapiki. Ukizibwa leo, sakafu ya Mama Nyemo ingekaa na joto lake miaka sita, pengine saba, likipungua kama deni la mtu maskini. Nyemo angeanza shule kabla ya kuweka kiganja chini. Kwa hiyo kuandika neno lile kusingemwokoa mtoto yule, na kungemuua mumewe.

Alilishika wazo hilo kwa nguvu. Lakini alikuwa fundi, na hesabu haikumwacha. Sakafu haikuwa imefika mwisho. Ilikuwa arobaini na saba, na mashine kumi na tatu zilikuwa zinanguruma. Mwakani ingekuwa arobaini na nane, arobaini na tisa. Kuna nyuzi ambapo wavu juu ya boriti hautatosha. Udhuru mbaya kuliko wote, alifikiri, ni ule ambao nusu yake ni kweli.

Akafikiri: tutanunua, nitamhifadhi msimu huu mmoja, kisha nitatoa taarifa. Alikuwa amewahi kusikia mafundi wenzake wakisema hivyo hivyo, watu wazuri, wapole, waliomfundisha kazi. Walikuwa bado wanaishi katika nyumba zao.

Akafikiri: nitamwambia Elieza, tuamue pamoja. Na hapo hapo akajua kwamba hilo halikuwa kuamua pamoja. Elieza angesikia neno "mtoto" na angechukua mkeka wake. Angefanya utani mmoja, wa kumfariji yeye, kisha angetoka nje kwa miguu yake. Kumwambia kulikuwa ndiko kumuua. Kwa hiyo kama ilikuwa dhambi, haikuwa ya kugawana.

Zabroni alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na fomu mapajani. Alisogea ili Perisi apite.

Ndani, Elieza alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu, mikono kiunoni, anatazama dari kwa jicho la mwezekaji.

"Aliyepaua hapa alikuwa mlevi," alisema. "Lakini mlevi mzuri. Enhe, majirani?"

"Watu wazuri."

"Walikula barafu?"

"Walikula."

"Wanaitwaje?"

"Mama Nyemo. Ana mtoto wa miezi mitano."

"Nikishakuwa mwenyeji nitamchongea kitanda." Akamtazama vizuri. "Mbona umekuwa hivyo? Mashine ina tatizo?"

"Mashine haina tatizo."

"Kweli?"

"Sijawahi kuona iliyo nzima hivi."

Elieza alivuta pumzi, lakini hakufurahi bado. Alikuja akasimama mbele yake, akamshika mabega. "Nikuulize kitu cha kijinga. Nilikuwa nawaza humu, nimelala. Hili joto letu linakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Mwambani. Mita mia mbili. Linalala huko mpaka Juni, kisha linarudi kutupasha."

"Hakuna mtu huko?"

"Kwenye mwamba?" Perisi alisikia sauti yake ikicheka. "Nani akae kwenye mwamba?"

"Nauliza tu. Kwa sababu unanijua. Ningesikia linakwenda kwa mtu, nisingelala humu hata mchana mmoja zaidi."

"Nakujua," alisema Perisi. "Nakujua, mume wangu."

Akatoka mpaka ngazini, akachukua kalamu ya Zabroni, akaandika: *Mfumo mzima. Hakuna kasoro ndani ya uzio.* Akatia sahihi. Herufi zilikaa vizuri, kama kawaida yake. Dalali alipuliza wino ukauke, akasema "Hongereni sana," kwa sauti ya mtu anayetoa pole, akaweka funguo kwenye kiganja chake na kuondoka haraka.

Perisi alipofunga mlango na kugeuka, Elieza alikuwa amevua viatu. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mbali, macho yanang'aa, kama mtoto aliyepata uwanja.

"Unafanya nini?"

"Daktari alinikataza kukimbia. Lakini hakunikataza kukimbia hapa."

Na akakimbia. Kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, akaugusa, akageuka, akarudi. Miguu yake ililia pwa pwa pwa kwenye vigae vya baridi. Mara ya kwanza alikimbia kwa hofu, mkono mbele ya macho, akiisoma bangili. Mara ya tatu aliuangusha mkono. Mara ya tano alianza kuimba, na sauti yake ikajaza nyumba ile isiyo na kiti wala pazia, sauti ambayo Perisi hakuwa ameisikia tangu paa la kanisa.

"Thelathini na saba na nukta mbili!" alipiga kelele akipita. "Unaona? Haipandi!"

"Naona," alisema Perisi.

Yeye alikuwa akitazama kipimo kingine, kile cha ukutani kando ya mlango wa jiko. Mtu aliyetulia hutoa joto dogo, mashine hailitambui. Mtu anayekimbia hutoa mara saba, mara nane ya hilo. Kompresa ilinguruma kidogo, ikalipokea. Namba ya joto linalotoka ikapanda. Elieza akageuka ukutani, ikapanda tena. Kila hatua aliyopiga iliokotwa hewani, ikatiwa ndani ya maji, ikapita kwenye koki ya kijani na chini ya uzio, na kuteremka.

Alikuwa anacheka sasa, anahema, ana miaka ishirini.

"Niongeze mbio?" aliuliza.

Perisi aliitazama tena namba ile ya ukutani.

"Ongeza," alimwambia.